Majani Yaliyovaa Bendera

Katika Jamhuri ya Sitawi, ambayo mtu akiitafuta kwenye ramani atakuwa anapoteza muda wake, bendera ina rangi mbili tu: kijani na manjano. Kijani ni mashamba, manjano ni mwanga wa uongozi. Zamani kulikuwa na rangi ya tatu, nyeusi, lakini wataalamu waligundua kwamba inawakumbusha wananchi mambo yao wenyewe, ikaondolewa bungeni kwa kura mia mbili na kumi kwa sifuri. Sisi tunaosimulia hatuna maoni juu ya jambo hilo. Tunalitaja kwa sababu bila kuijua bendera ile, msomaji hataelewa jinsi Bi. Zawena Mkopi alivyopata cheo ambacho hakukiomba.

Zawena alikuwa Mtaalamu wa Magonjwa ya Mimea, Daraja la Nne, katika Wizara ya Mizizi na Utulivu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mpole kazini na mkali nyumbani. Maabara yake ilikuwa na mashine mpya ya kupima virusi vya mimea, mashine nzuri sana, iliyofunikwa kwa kitambaa cha hariri na kufungwa utepe, ikisubiri kuzinduliwa na kiongozi wa nchi. Kiongozi alikuwa na shughuli nyingi, na utepe ulikuwa unaingia mwaka wa tano. Kila Jumatatu Zawena aliupangusa vumbi, maana kitengo chake kilipimwa utendaji kwa usafi wa utepe.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane aliitwa Ikulu, kwenye Shamba la Mfano la Mheshimiwa Mkulima Mkuu. Mkulima Mkuu ndicho cheo cha kiongozi wa Sitawi. Alijipa mwenyewe siku aliyoshika jembe mbele ya wapiga picha, akalima hatua tatu, akapumzishwa. Kazi ya Zawena siku hiyo ilikuwa ndogo: kutia saini cheti cha afya ya mihogo, ili Wiki ya Mbegu ikifika, pingili za kupandia zikatwe katika shamba hilo na kugawiwa kata zote za nchi. Cheti kilikuwa kimeshachapwa, na kilikuwa kimeshasomwa redioni jana yake.

Alipoingia shambani akasimama ghafla. Majani yalikuwa na mabaka ya manjano katikati ya kijani, yamejikunja na kupinda upande mmoja. Alipogusa tawi, wakaruka nzi weupe. Hawa si nzi wa jikoni. Ni vidudu vidogo kuliko punje ya ufuta, vinavyokaa chini ya jani na kufyonza utomvu. Vikishafyonza mmea mgonjwa huhamia mmea mzima, na kuuachia kirusi cha ugonjwa ule ule. Wakulima ugonjwa huo huuita batobato. Muhogo wenye batobato kwa juu unapendeza kwa mbali, lakini ukiung'oa unakuta mizizi myembamba kama vidole vya mtoto.

"Baba, hii ni batobato," alimwambia mtunza bustani wa Ikulu.

Yule mzee alitazama nyuma yake kwanza, kisha mbele. "Mimi hapa natunza mashina, mwanangu. Majani yana mkubwa wake."

"Yuko wapi?"

"Ndiye yule anayekuja na kamera."

Aliyekuja na kamera alikuwa Mheshimiwa Pazi Lugome, Waziri wa Mizizi na Utulivu, mtu mnene mwenye sauti tamu na mkono wa kushoto ambao haukuondoka kifuani. Aliinama juu ya jani moja. Aliliangalia kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuangalia jani lolote maishani mwake. Kisha akainuka, machozi yakimlengalenga.

"Ndugu wananchi," aliziambia kamera, "mnaona nini hapa? Kijani. Na nini tena? Manjano. Hakuna aliyeupaka rangi muhogo huu. Umeangalia uongozi uliopo, umeridhika nao, ukaamua wenyewe kuvaa bendera. Mihogo ya nchi nyingine ni ya kijani tupu kwa sababu haina cha kujivunia. Kuanzia leo, hili ni Jani la Taifa. Mtaalamu wetu yuko hapa. Mtaalamu, waeleze wananchi: rangi hii ni nini?"

Kamera tano zikamgeukia Zawena. Alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, fupi na la kawaida.

"Ni ya manjano, Mheshimiwa," akasema.

Walipiga makofi. Akatia saini. Akarudi maabara kwa miguu, akajifungia ndani na mashine yenye utepe, akajionea aibu kwa muda wa saa mbili nzima.

Aibu yake ilikuwa na sababu. Mama yake, Bi. Mwanjaa, alikuwa anaishi Kata ya Chikulupi, ambako watu hunywa chai kwa muhogo, hula ugali wa muhogo, na mgeni akija huchomewa muhogo. Zawena alipokuwa na miaka tisa batobato iliingia kata ile. Watu walikula ming'oko, mizizi ya porini, mpaka porini nako kukaisha. Mdogo wake, Hamisi, aliyekuwa anaanza kutamka maneno, hakuimaliza masika ile. Mama yake aling'oa shamba zima kwa mikono na kulichoma, akaanza upya kwa pingili sita alizozifuata kwa miguu mwendo wa siku nne. Pingili za Ikulu zikifika Chikulupi, kazi ile yote ingekuwa imekwenda na maji.

*

Zawena aliamua kuthibitisha. Mashine isingeweza kuguswa kabla ya kukatwa utepe, kwa hiyo alitumia njia ya zamani. Alitengeneza vizimba viwili vya mbao na kuvizungushia chandarua. Ndani ya kila kizimba aliweka mche wa muhogo mzima. Alirudi Ikulu kwa kisingizio cha kuhesabu majani ya kutajwa kwenye hotuba, akawafyonza nzi weupe kwa mrija na kuwaingiza kwenye chupa, na hao akawafungulia kizimba cha kwanza. Kizimba cha pili akatia nzi aliowalea mwenyewe tangu mayai, juu ya bilinganya safi, mmea usioshikwa na batobato. Siku ya ishirini na moja mche wa kwanza ulitoa majani yenye mabaka. Wa pili ulibaki kijani.

Kazi ngumu ilikuwa kuandika ripoti. Wizara ilikuwa na Daftari la Maneno Yanayohitaji Kibali. Neno "ugonjwa" lilihitaji kibali cha Katibu Mkuu, "njaa" lilihitaji kikao cha Baraza la Mawaziri, na "batobato" lilikuwa limefutwa kabisa, mahali pake pakaachwa mstari mtupu ili vizazi vijavyo visijue kulikuwa na nini. Zawena alizunguka huku na huku kwa kurasa nne. Mwishoni aliandika hivi: *Hali ya rangi iliyoonekana katika Shamba la Mfano huhamishwa na nzi weupe kutoka mmea hadi mmea, kwa haraka, na haizuiliki.* Aliamini kwamba mtu yeyote mwenye akili zake ataelewa.

Waziri Lugome alikuwa mtu mwenye akili zake. Alimwita ofisini siku hiyo hiyo, akamkalisha kwenye kiti cha wageni wa nje.

"Bi. Zawena, nimeisoma ripoti yako mara mbili. Unaniambia kuna wadudu wanaoeneza rangi za bendera kutoka shamba hadi shamba?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, na ndiyo maana nina wasiwasi kwamba..."

"Bila posho?"

"Ni wadudu, Mheshimiwa."

"Bila kudai gari?"

"Wanaruka wenyewe."

Waziri aliegemea kiti, akafumba macho. "Miaka ishirini na mbili natafuta watumishi wa namna hiyo," alisema taratibu.

Kesho yake likatoka tangazo. Nzi weupe walikuwa wameteuliwa kuwa Maafisa Uenezi wa Taifa. Kuwapulizia maji ya sabuni lilikuwa kosa la jinai, kuwatimua kwa mkono lilikuwa kosa la nidhamu. Kila kata ingepelekewa maafisa milioni moja kabla ya Wiki ya Mbegu, na Zawena alipandishwa cheo kuwa Mkurugenzi wa kuwazalisha. Aliisoma barua ya uteuzi kwa hofu.

Lakini hofu ilimtia akili. Alirudi kwa Waziri na sura ya furaha.

"Mheshimiwa, nilikuwa nafikiria. Kama maafisa wanaruka wenyewe na rangi wanayo, zile pingili za Ikulu za nini tena? Malori mia na ishirini, madereva, mafuta yote yale, kubeba vijiti?"

Waziri alilipima jambo hilo kwa pande zote, hasa upande wa mafuta.

"Una uzalendo mkubwa," akasema, na ugawaji wa pingili ukafutwa. Mafuta ya malori yalibaki mahali salama ambapo hatukuonyeshwa.

*

Mtoto wa nzi mweupe hazaliwi na kirusi. Hukipata mezani, kwenye jani gonjwa la kwanza analofyonza. Zawena alilijua hilo, na aliitegemea elimu hiyo kwa maisha ya watu. Alipewa banda lililokuwa la maonyesho ya kitaifa, akalijaza bilinganya safi, akalea nzi kizazi baada ya kizazi, weupe, wengi, wasio na kitu mdomoni. Hakuna nzi wa Ikulu hata mmoja aliyevuka mlango wake.

Wakaguzi walikuja mara tatu. Wa kwanza aliuliza kama wadudu wana vyeti vya kuzaliwa, Zawena akamwonyesha mayai. Wa pili alitaka kujua kwa nini wote ni weupe na hakuna wa manjano hata mmoja, akajibiwa kwamba rangi wanaibeba moyoni, akaandika "moyoni" na kupiga mstari chini yake. Wa tatu alikaa siku nzima akiwatazama, na jioni akapendekeza wapewe likizo.

Kiapo kilifanyika uwanjani, kwa bendi. Msajili Mkuu alisimama mbele ya masanduku ya matundu na kuwasomea maafisa ahadi zao, aya kumi na nne. Walipokaa kimya, ukimya wao ulihesabiwa kuwa kukubali, kama inavyofanyika bungeni. Kisha masanduku yakapakiwa kwenye pikipiki na kutawanyika nchi nzima.

Bi. Mwanjaa alipiga simu siku mbili baadaye.

"Zawena, Mtendaji amekuja na sanduku lako. Tumeimbishwa. Halafu wakalifungua juu ya muhogo wangu."

"Usiogope, mama. Hawana kitu. Nimewalea mwenyewe."

"Hawana kitu leo."

"Na kesho, mama. Hakuna mmea mgonjwa huko wa kuwapa."

Upande wa pili wa simu palisikika Bi. Mwanjaa akimenya kitu. "Mimi sikusoma," alisema, "lakini mtu akinijazia nyumba wabebaji mizigo, siwezi kulala kwa sababu eti mzigo haujafika."

Zawena alicheka, akamwambia ale vizuri. Baada ya kukata simu hakucheka tena.

*

Siku ishirini na moja zikapita, majani ya nchi nzima yakabaki kijani. Zawena alisubiri kuitwa ajieleze. Badala yake zilianza kumiminika ripoti za ushindi: Kata ya Mashariki asilimia tisini na moja, Kata ya Mtoni asilimia tisini na saba, kata moja ambayo haikuwa na shamba lolote, ni mawe matupu, asilimia mia na mbili.

Alikwenda Chikulupi kuona kwa macho yake. Njiani alikutana na Mtendaji wa Kata, Bwana Kilindo, kijana nadhifu, suruali imejaa rangi mpaka magotini. Nyuma yake mgambo kumi na wawili walikuwa wamesambaa kwenye mihogo, kila mmoja na brashi na kopo la rangi ya mafuta, wakipaka mabaka jani kwa jani.

"Shikamoo, Mkurugenzi," alisema Kilindo, akificha brashi nyuma. "Tunawasaidia tu maafisa wako. Kazi imewazidi."

"Marahaba. Jani la juu mmelisahau," Zawena alimwambia.

Alimkuta mama yake amekaa uani, mwenye hasira na mwenye afya. Shamba lake lilikuwa limepakwa kuliko yote, kwa heshima ya mama mzazi wa Mkurugenzi. "Wamenichafulia majani," alisema Bi. Mwanjaa. "Haidhuru, jani la muhogo hudondoka likaja lingine." Usiku ule Zawena alilala usingizi ambao hakuupata tangu mwezi wa nane. Nchi nzima ilikuwa imejaa wadudu watupu na majani ya rangi ya dukani, na chini ya udongo mizizi ilikuwa inanenepa bila kuuliza mtu. Alijiona mjanja, na kwa kweli alikuwa mjanja.

Tatizo ni kwamba rangi ya Chikulupi ilipendeza mno. Picha zikafika Ikulu, na Mheshimiwa Mkulima Mkuu akatamani kujionea.

Alikuja na magari thelathini na mawili. Alitembea katikati ya mihogo ya Bi. Mwanjaa polepole, akigusa jani hili na lile, na viganja vyake vikageuka manjano. Waziri Lugome alimweleza kwamba hiyo ni dalili ya uzalendo uliokolea. Mheshimiwa aliguswa sana. Aliomba kipaza sauti.

"Mama huyu," alisema, "amenipa heshima, nami sitaondoka mikono mitupu. Nileteeni ile zawadi."

Askari wawili wakaleta sanduku la mninga. Ndani yake, juu ya mto wa velveti, ililala pingili moja ya muhogo kutoka Shamba la Mfano.

Zawena alikuwa amesimama mstari wa pili, nyuma ya wake wa mawaziri. Mheshimiwa aliomba jembe, akachimba, akaipanda pingili katikati kabisa ya shamba, kichwa chini, na maprofesa wanne wakapiga makofi. Pande zote, chini ya kila jani, walikaa wale nzi milioni moja wa Zawena, wasafi, wenye njaa, wakisubiri kitu cha kubeba. Pingili ingechipua ndani ya wiki mbili. Jani la kwanza lingewalisha kirusi, na kabla ya masika Chikulupi ingerudi kula ming'oko. Wadudu wale hawakuletwa na adui. Aliwaleta yeye.

Msafara ulipoondoka, askari wanne waliachwa kuilinda pingili, na mwavuli wa kuikinga jua.

*

"Nitaing'oa," alisema Zawena jikoni. "Wakinipiga risasi, wanipige."

Bi. Mwanjaa alikuwa anachochea moto. "Ukipigwa risasi nani atawaambia watu kuna nini? Wewe kaa hapo. Wale vijana wa nje wamekunywa chai?"

"Mama, sizungumzii chai."

"Mimi nazungumzia chai."

Akateleka birika kubwa. Maji yalipochemka aliwapelekea askari chai yao, na mihogo ya kuchemsha, akawauliza habari za kwao. Halafu akarudi na birika la pili, akalimimina lote taratibu pale shinani kwa zawadi ya Mheshimiwa. Mvuke ukapanda mpaka kwenye mwavuli.

"Mama, mbona maji ya moto?" aliuliza askari mmoja.

"Ni mgeni wa Ikulu huyu," alijibu Bi. Mwanjaa. "Nimwogeshe maji baridi nipate lawama?"

Askari waliona ni jambo la adabu. Yule mwenye mwavuli akausogeza kidogo ili mama apate nafasi. Bi. Mwanjaa aliimwagia hivyo asubuhi na jioni kwa siku tano.

Wiki mbili zikapita, kisha ya tatu. Pingili ilikuwa nyeusi na laini, ikinuka. Ndipo ilipoundwa Tume. Ilikaa chini ya turubai mbele ya ofisi ya kata, Waziri Lugome akiwa mwenyekiti, karani mmoja akiandika, na watu wote wa Chikulupi wameketi chini kwa amri. Zawena aliitwa kama shahidi wa kitaalamu, akapewa kiti.

Waziri alikuwa amejiandaa kwa uchunguzi wa siku kumi. Bi. Mwanjaa alimharibia katika dakika ya kwanza.

"Niliipika," alisema.

"Uliipika?"

"Kwa birika. Ilikuwa na batobato."

Karani aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Hakuwa na hakika kama ana kibali cha kuliandika neno hilo, wala kulisikia. Kati ya waliokaa chini, wazee kadhaa waliacha kuchezea fimbo zao.

Waziri aliomba mapumziko mafupi, akamvuta Zawena kando ya turubai. Sauti yake ilikuwa tamu kama siku zote.

"Mkurugenzi, mimi pia nina mama. Hapa kuna cheti, kimeshachapwa. Kinasema pingili ilikuwa na afya kamili, ikaunguzwa kwa nia mbaya. Ukitia saini, mama atapewa miaka ishirini, lakini kwa umri wake unajua mwenyewe hataimaliza, kwa hiyo si adhabu kubwa. Wewe utapanda Daraja la Kwanza. Na utepe wako utakatwa mwezi huu."

"Na nisipotia saini?"

"Basi pingili ilikuwa na hilo alilolitaja. Na kama pingili ilikuwa nalo, Shamba la Mfano lilikuwa nalo, na cheti cha mwezi wa nane kina saini ya mtu mwingine kabisa, si yangu."

Zawena alichukua karatasi, akarudi kwenye kiti. Alimtazama mama yake, aliyekuwa anakwangua rangi ya manjano kutoka kwenye kucha zake bila haraka. Kisha akapiga mistari miwili juu ya maneno yaliyochapwa, akaandika chini yake, akaweka tarehe, saini, na muhuri wa Mkurugenzi, akamkabidhi karani.

Kwa taratibu za Sitawi kila maandishi ya Tume lazima yasomwe kwa sauti. Karani alisoma kwanza, akaelewa baadaye.

"'Batobato. Pingili hii, na Shamba la Mfano lote. Niliiona mwezi wa nane nikasema ni rangi ya manjano. Wadudu niliowagawa hawakuwa na kitu. Pingili yoyote ya Ikulu iliyopandwa popote ing'olewe na kuchomwa leo, isisubiri kesho.'"

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja nyuma alisema, "Ndiyo yenyewe," kama mtu anayeitikia salamu.

*

Waliondoka na Zawena katika gari la Waziri mwenyewe, kwa kuwa gari la polisi halikuwa na mafuta. Bi. Mwanjaa walimwacha huru. Mtu aliyeungama mwenyewe alikuwa hana pa kuwekwa katika fomu. Walivuka daraja. Hapo Waziri alipandisha kioo kinachomtenga dereva.

"Zile pingili za Ikulu ambazo hazikugawiwa," alisema, akitazama dirishani. "Hatukuzitupa. Zilikuwa za heshima. Mawaziri tulichukua kidogo kidogo. Majenerali pia."

"Wewe ulichukua kiasi gani, Mheshimiwa?"

"Ekari arobaini. Zimependeza sana kwa mbali. Dawa yake ni nini?"

"Haina dawa. Kung'oa na kuchoma."

"Zote?"

"Zote, kabla nzi hawajatoka kwako kwenda kwa jirani."

Waziri alifungua kishikizo cha shati. Alionekana mzee ghafla, na kwa mara ya kwanza mkono wake wa kushoto haukuwa kifuani. "Zawena," alisema, "hakuna namna ya kusema hivyo bila kulitumia lile neno?"

Wiki iliyofuata redio ilitangaza Sherehe za Kuipumzisha Bendera. Kila Jani la Taifa, baada ya utumishi uliotukuka, lilipaswa kung'olewa na kuchomwa kwa heshima, kuanzia Ikulu, kisha kwa mawaziri na majenerali, na bendi ilipiga mbele ya kila moto. Maelezo ya kitaalamu yaliyoambatanishwa yalikuwa sahihi neno kwa neno, pamoja na onyo la kutoyatikisa majani, nzi wasije wakaruka. Jina la mwandishi wake halikutajwa. Mwandishi mwenyewe alifungwa miaka miwili kwa kutumia neno lililofutwa, mbele ya mashahidi mia nne, kwa muhuri wa serikali.

Bi. Mwanjaa alimtembelea gerezani baada ya mavuno, na kapu. Askari wa zamu alilipekua, akatoa muhogo mmoja wa kuchemsha, mnene kama mguu, akauzungusha mkononi kwa mashaka.

"Huu nao ni muhogo?" aliuliza.

"Ni mdogo huo," alijibu Bi. Mwanjaa. "Mikubwa haikuingia kwenye kapu."

Zawena aliupokea kupitia nondo. Kabla ya kula aliupasua katikati na kuukagua ndani, polepole, upande huu na upande ule, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyosomea. Ulikuwa mweupe mpaka kwenye kiini. Akamkatia askari kipande, akala uliobaki, akiuliza kwa mdomo uliojaa kama Chikulupi wamekwisha kukata pingili za mwaka ujao.

"Tumeshakata," alisema mama yake. "Kula."